Magari matano ya paa la kukunja yaliyotumika: lipi ununue, na namna ya kulijaribu

Ukifika kulijaribu gari la paa la kukunja, mara nyingi utalikuta limeshafunguliwa. Mwambie muuzaji alifunge. Jua na upepo ndivyo vinavyoliuza, lakini maradhi yake yako kwenye paa na bodi.

Anzieni kwa waosha magari. Lipigwe maji ya presha, kisha ingiza mkono chini ya zulia nyuma ya viti. Pakiwa pamelowa au pananuka uvundo, mifereji ya maji imeziba. Halafu tafuta barabara ya mashimo, zima redio, nenda polepole. Bodi isiyo na paa la kudumu hujipinda kidogo, hivyo kioo cha ndani kutikisika si ajabu. Dashibodi ikigonga na milango ikilia kwenye fremu, mwite fundi wa bodi aangalie kama gari liliwahi kunyooshwa baada ya ajali.

Namba moja kwangu ni Mazda MX-5, ambalo Japani huitwa Roadster, hasa la kizazi cha pili kilichotoka 1998 hadi 2005. Injini ni ya cc 1600 au 1800, na paa la turubai unalikunja kwa mkono ukiwa umekaa. Hakuna mota wala pampu ya kukuumiza kichwa. Adui wake ni kutu. Matundu ya maji nyuma ya viti yakijaa majani, maji hushukia kwenye vizingiti chini ya milango na kuvila kwa ndani. Piga magoti, papasa na ugonge pale mbele ya tairi la nyuma. Rangi ikiwa na malengelenge au bati likibonyea, achana nalo hata kama injini inaimba.

La pili ni Toyota MR-S la 1999 hadi 2007. Injini yake iko nyuma ya viti, na ni 1ZZ ileile ya Wish na Allion za cc 1800, kwa hiyo fundi na spea vipo mtaani. Ya miaka ya mwanzo yanajulikana kwa kula oili. Liwashe likiwa baridi, kisha kwenye mteremko achia mafuta, ukanyage tena, huku mwenzako akifuata nyuma aone kama linatoa moshi wa bluu. Buti halina, begi la safari litakusumbua.

Daihatsu Copen ya kwanza, cc 660 yenye tabo, ni nzuri kwa mjini, ila mtu mrefu akae ndani kwanza kabla ya kuuliza bei.

BMW Z4 ya 2002 hadi 2008 ni tamu barabarani, lakini mota ya paa imekaa mahali ambapo maji hujikusanya mfereji ukiziba, na kuibadilisha ni ghali. Mercedes SLK ya 1996 hadi 2004 naiweka mwisho: paa lake la chuma husukumwa na haidroliki, yaani oili yenye presha, na sili zikichoka oili huvuja. Kagua madoa darini na kwenye buti. Kwa haya yote mawili, lifungue na kulifunga paa mara kadhaa, na paa likigoma usikubali kisingizio kwamba betri imeisha.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo haya utayapata yaliyokwisha kusajiliwa nchini tu. Mwenye bajeti kubwa aagize MX-5 ya kizazi cha nne, kilichoanza 2015, mradi haijazidi miaka hiyo 8. Ya turubai bado hukunjwa kwa mkono.