Kibao cha namba ya simu cha kuweka kwenye dashibodi: uzoefu wangu Upanga

Kwa mwenye haraka: kinunue. Nilimpa machinga shilingi 5,000 kwenye mataa ya Fire hapa Dar es Salaam, na katika vifaa vyote vya gari nilivyowahi kununua hakuna kilichonipunguzia hasira kama hiki. Kina upungufu wake, nitausema. Kuna pia jambo moja ambalo haliko kwenye kibao bali kwa mwenye kibao, na likikosekana hela yako imekwenda bure. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kwa asiyekijua, ni kipande cha plastiki ngumu, chembamba, kirefu kama kiganja cha mkono. Chini kina gundi, juu kina nafasi za kupachika tarakimu za sumaku. Unapanga namba yako ya simu, unakibandika kwenye dashibodi mahali inaposomeka kupitia kioo cha mbele, na yule uliyemzibia njia anakupigia uje utoe gari. Kina kifuniko cha kuteleza: ukiwa barabarani unaficha namba, ukiegesha unaifunua. Hakina betri wala waya.

Naishi kwenye ghorofa la zamani hapa Upanga. Ua wetu ulijengwa wakati wapangaji wenye gari walikuwa wa kuhesabu. Leo karibu kila nyumba ina IST, Vitz au Noah, kwa hiyo tunapaki mistari miwili: walioko ndani ukutani, na walioko nje wamewafunga. Sina ugomvi na hilo. Ua hauwezi kuongezeka, na bila kufungana nusu yetu tungelala na magari barabarani. Ugomvi wangu ni na mtu anayemfunga mwenzake halafu anapotea. Kapanda ghorofani kwa rafiki, kavuka kwenda dukani, kaenda kumwona mgonjwa hospitali ya jirani, na hakuacha hata alama ya kumpata. Wewe unabaki umeshika ufunguo, unapiga honi, watoto wa ghorofa ya kwanza wanaamka.

Niseme kinachoniuma hasa. Mama yangu anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, na kila mara anakaa kwenye mashine kama saa 4. Zamu za mashine zinafuatana. Akichelewa yeye, na anayemfuata anachelewa. Asubuhi moja tuliteremka tukakuta Prado yenye vioo vyeusi imeegeshwa kwenye geti, imekaa katikati kabisa, hata pikipiki ingepita kwa shida. Mlinzi alizunguka maduka yote ya mtaani akiuliza. Mimi niligonga milango ambayo sijawahi kuigonga, naanza na shikamoo, namaliza na samahani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi, mkono wenye njia ya sindano ameufunika na khanga, ananiambia, "Mwanangu, usigombane na watu." Tulichukua bajaji. Tulifika tukiwa tumechelewa, na bajaji kwa mwili uliojaa maji ni mateso, kila shimo analisikia mgonjwa. Mwenye Prado alirudi, nilivyoambiwa, akaondoka bila kumuuliza mlinzi kama alimzuia mtu.

Sheria ipo. Gari lililoachwa likazuia wengine barabarani ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na faini ya shilingi 30,000 kila dereva wa mji huu anaijua. Lakini trafiki asubuhi hiyo yuko kwenye foleni ya Salenda anaita magari kwa mkono. Huwezi kumsubiri. Unachohitaji dakika ile ni namba ya mtu mmoja tu.

Wengine watauliza kwa nini tusisukume. Zamani ilikuwa hivyo. Gari la gia za mkono liliachwa huru, hendibreki haijavutwa, jiwe limewekwa kwenye tairi; aliyefungwa akitaka kutoka, jiwe linatolewa na vijana wawili wanasukuma. Sasa magari karibu yote ni otomatiki. Dereva akiweka P, yaani gia ya kuegesha, na kutoa ufunguo, tairi zimefungwa. Kwenye Toyota nyingi kuna kitufe kidogo karibu na gia kilichoandikwa SHIFT LOCK: ukikibonyeza unaweza kushusha gia mpaka N, yaani gia huru, injini ikiwa imezimwa, na gari litasukumika. Wachache wanakijua, na wanaokijua hawapendi kukitumia kwa sababu wanaogopa gari kubingirika. Hata ukikitumia, usukani umejifunga, kwa hiyo gari linakwenda mbele na nyuma tu, haligeuki. Ua wetu una mteremko unaoishia kwenye ukuta wa jirani. Nimeona bampa la IST likipasuka hapo mbele ya macho yangu, na sitaki kuona jingine.

Basi ndiyo nikaanza na kibao. Cha kwanza nilikiweka kwenye gari langu, maana mimi pia hulala mstari wa nje nikichelewa kurudi. Kisha nikanunua vingine Kariakoo, kwa bei nafuu kidogo, nikawapa majirani ninaofungana nao. Hakuna aliyekataa. Mama wa ghorofa ya tatu, ambaye tulikuwa tunasalimiana kwa shingo upande kwa sababu ya Noah ya mumewe, alikibandika siku hiyohiyo.

Kinavyofanya kazi kimenifurahisha. Mlinzi wetu ana kitochi, hana simu ya kuperuzi, na namba iliyoandikwa wazi anaisoma kwa tochi na kupiga. Akiwa hana salio anabipu, mwenye gari anapiga mwenyewe. Tarakimu zangu zinang'aa gizani kwa saa za mwanzo za usiku kama gari lilishinda juani. Kufika alfajiri mng'ao umeisha, inabidi kumulika. Jambo dogo ambalo sikulitarajia ni kwamba aliyefungwa akishaona namba, hasira inashuka kabla hata hajapiga. Anajua kuna mtu na mtu huyo amemfikiria. Honi za asubuhi kwenye ua wetu zimepungua mno, na hilo watoto wa ghorofa ya kwanza watalithibitisha.

Sasa ubaya. Gundi haikutengenezwa kwa jua la Dar. Gari lililofungwa vioo mchana wa Januari, dashibodi inaweza kupita nyuzi 70, na gundi inalainika, kibao kinateleza mpaka kwenye tundu la AC. Nilikibandua, nikafuta dashibodi kwa spiriti, nikabandika kwa gundi ya pande mbili ya mafundi wanaofunga vioo vya pembeni. Tangu hapo hakijasogea. Tarakimu za rangi nyekundu zilipauka. Nyeusi na nyeupe zimedumu. Sumaku ni nyepesi, na kwenye matuta makali tarakimu huanguka. Kagua baada ya safari ndefu, kwa sababu namba yenye tarakimu moja iliyopotea haina faida yoyote.

Vibao hivi vimetengenezwa kwa ajili ya China, ambako namba ya simu ya mkononi ina tarakimu 11. Yetu ina 10, kwa hiyo nafasi moja inabaki wazi na pengo linaweza kumchanganya msomaji. Mimi nimeiacha mwishoni, si katikati. Angalia pia idadi ya kila tarakimu kwenye pakiti. Mwenye namba yenye 7 nyingi atapungukiwa, na pakiti yangu haikuwa na za kutosha. Muuzaji wa Kariakoo alinibadilishia bila kelele. Machinga wa kwenye mataa humpati tena.

Wapo waliokataa wazo hili kwa hofu ya usalama, na hofu yao ina msingi. Namba ikikaa hadharani, yeyote anaweza kuiingiza kwenye huduma ya kutuma pesa na jina lako likatokea. Halafu zinaanza zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa mwanamke anayeegesha usiku peke yake, kuna sababu nyingine ambazo sihitaji kuzieleza. Nilichofanya ni kusajili laini nyingine kwa kitambulisho changu cha NIDA, nikaiweka kwenye kitochi, haina pesa wala haiko kwenye WhatsApp. Jina bado linaweza kuonekana ikiwa umeiunganisha na huduma ya pesa, kwa hiyo usiiunganishe. Na tumia kile kifuniko. Gari likitembea, namba haina kazi ya kuonekana.

Hapa ndipo penye lile jambo nililolitaja mwanzoni. Watu wa mji huu hatupokei namba ngeni. Tumechoshwa na matapeli, tumechoshwa na wadai wa mikopo ya mtandaoni wanaopigia hadi watu wasiohusika kwa sababu tu namba zao zilikutwa kwenye simu ya mdaiwa. Namba ngeni ikiita, tunaigeuza simu kifudifudi. Jirani mmoja alikuwa na kibao kizuri kuliko vyote, na alimfunga mwenzake karibu asubuhi nzima akiwa ghorofani anakunywa chai, simu inaita mezani. Aliposhuka alisema kwa dhati kabisa kwamba alidhani ni wale wa mikopo. Nilimwelewa, lakini aliyefungwa alikuwa amekosa usaili wa kazi. Ukishabandika namba, umeahidi kuipokea. Kama huwezi kupokea namba ngeni kwenye laini yako ya kawaida, weka laini ya gari peke yake na uipe mlio wake. Simu hiyo ikilia unajua ni gari, unashuka. Bila hilo kibao ni pambo.

Aina yenye alama ya mraba ya kuskani nimeijaribu pia na siipendekezi kwa mazingira yetu. Inataka simu janja, bando na kioo kisicho na tintedi. Mlinzi wangu asingeweza kuitumia, na mlinzi ndiye anayeamshwa kwanza.

Na karatasi je? Ni bora kuliko kukosa kabisa. Baba mmoja mzee hapa kwetu huandika namba yake kwa kalamu nzito nyuma ya boksi la dawa na kuliegemeza kwenye kioo, na hajawahi kumkwamisha mtu. Namheshimu kuliko wenye magari ya milioni 100 wasioacha chochote. Karatasi inajikunja tu kwa joto na wino unafifia, ndiyo faida ya kibao.

Kuna kitu huwa nakitazama sana siku hizi nikiwa kwenye foleni. Magari mengi tunayoendesha yalitoka Japani, na kwenye kioo cha nyuma cha baadhi yake bado kuna kistika cha duara chenye maandishi ya Kijapani. Kile kilitolewa na polisi wa kule kuonyesha kwamba mmiliki ana sehemu ya kuegesha. Kwa sheria yao ya mwaka 1962, mtu akitaka kusajili gari anathibitisha kwanza mahali litakapolala, na pasizidi kilomita 2 kutoka nyumbani kwake. Gari hilohilo likishuka bandarini kwetu, linalala popote mwenye nguvu anapotaka. Sisemi tuige leo kesho; Kariakoo nzima ingebaki bila gari. Ila ninapoona kistika hicho kwenye gari lililoziba geti la watu, inaniuma.

Kibao hakimsaidii mtu asiye na nia. Wa Prado angekuwa nacho asingekifunua. Kwa hiyo kwenye kikao cha wakazi kijacho napeleka hoja: mstari wa nje walale wenye kibao tu, wageni waache namba kwa mlinzi kabla geti halijafunguliwa, mbele ya geti pachorwe alama ya rangi ya njano, na kifurushi cha dakika cha mlinzi kilipwe kutoka kwenye mchango wetu wa usafi. Majirani wa mstari wa ndani wameshaniunga mkono. Nimeongea na muuzaji wa Kariakoo. Tukichukua vya jengo zima anatupa kwa shilingi 3,500 kimoja, na tarakimu za ziada anaweka bure.