Nyumba yangu inapokea bipu: vifaa vya simu nilivyovijaribu Goba

Miongozo mingi ya kuunganisha simu na mfumo wa nyumba huanzia kwenye tundu la simu ukutani. Nunua kadi yenye FXO, yaani tundu la kupokea laini ya simu, wanakwambia, ichomeke kwenye kompyuta, waya wa simu ya mezani uingie hapo, kazi imekwisha. Kwangu Goba tundu hilo halipo, na kwa majirani pia sijaona mwenye nalo. Laini zetu ni za mkononi. Kwa hiyo mtu wa Dar akiuliza anunue kifaa gani, jibu linaanzia kwenye laini: kifaa kipi kitaishika vizuri, na kitasikia kweli unachobonyeza ukiwa kwenye foleni ya Ubungo?

Upande wa kompyuta nina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kushika kiganjani, yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba, na humohumo inaendeshwa Asterisk, ile swichibodi huria aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Kazi zenyewe ni za kawaida: pampu ipandishe maji kutoka tangi la chini hadi simtanki, taa za nje, geti, na taarifa umeme ukikatika. Aplikesheni ninayo. Shida yake inataka bando kwangu na bando nyumbani, na mama ninayeishi naye anatumia kitochi. Habari za kuperuzi hataki hata kuzisikia.

Nilianza na SIM800L, ile moduli ya kuwekea laini, ndogo kama stempu, wanayoiuza Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Bei sitaji, Kariakoo bei ni maelewano, lakini kati ya vyote nilivyonunua hii ndiyo rahisi. Inapokea amri za AT, maandishi mafupi ya kuagiza modemu, ukiiandikia AT+CLIP=1 inakutajia namba ya anayepiga, na kwa AT+DDET=1 inatambua yenyewe kitufe kilichobonyezwa. Sasa njoo kwenye umeme wake. Inataka kati ya volti 3.4 na 4.4. Pini za Pi zinatoa 3.3 na 5, yaani moja haifiki na nyingine inazidi. Halafu inapowasiliana na mnara inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mkupuo. Volti ikiyumba inajizima na kuwaka upya, na wewe unabaki unalaumu laini. Kibadilisha volti kizuri na kapasita kubwa pembeni yake vinamaliza tatizo hilo.

Ambacho sikuweza kukimaliza ni mngurumo kwenye sauti, ule unaousikia kwenye spika ya redio simu iliyo karibu inapotaka kuita. GSM hurusha mawimbi kwa mapigo, 217 hivi kwa sekunde, na waya wowote wa sauti ulio jirani unayadaka. Kwa bipu na SMS moduli hii inatosha kabisa. Kwa kuongea na nyumba, hapana. Pia ni ya 2G tu. Marekani, AT&T walizima 2G mwanzoni mwa 2017; huku kwetu wenye vitochi bado ni wengi, sina haraka ya kuogopa, ila siwezi kuijengea ndani ya ukuta.

Kifaa ninachotumia hadi leo ni modemu ya USB ya Huawei, E173, zile tulizokuwa tunachomeka kwenye kompyuta kabla simu hazijaanza kugawa intaneti. Ukiweka programu inayoitwa chan_dongle, Asterisk inaiona modemu kama laini ya simu. Sauti inapita kidijitali kwenye USB, kwa hiyo ule mngurumo haupo kabisa. Tatizo ni kwamba si kila modemu imefunguliwa sauti. Iulize AT^CVOICE? na ikikujibu ^CVOICE:0,8000,16,20 umepata. Nyingine zimefungwa kwenye mtandao mmoja, na modemu nyingi za 4G ni za data tu. Muuzaji mmoja alining'ang'aniza: “Boss, achana na hiyo ya kizamani, chukua hii, inakimbia.” Inakimbia kweli, ila haiongei.

Chan_dongle haiji na Asterisk, unaijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, na kwa asiyezoea Linux hiyo ni jioni ya kutoa jasho. Matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2, kwa hiyo kama una diski ya nje hapohapo, modemu iwekee habu yenye umeme wake.

Vitufe ndivyo vilivyonisumbua kuliko vyote, na maelezo ya uhakika ni adimu. Ukibonyeza 5 kwenye simu ya mezani, zinatoka toni mbili kwa pamoja, hezi 770 na 1,336, na upande wa pili unajua ni tano. Simu ya mkononi ya GSM haifanyi hivyo. Inatuma taarifa kwa mtandao kwamba kitufe kimebonyezwa, mtandao ndio unaotengeneza toni, kisha toni hiyo inashuka hadi kwenye modemu yangu kupitia kodeki iliyobuniwa kubana sauti ya binadamu. Inafika imeshabondeka. Nyumba inasikia 5 kama 55, au haisikii kitu. Kwenye chan_dongle kuna mpangilio wa dtmf=relax unaolegeza masharti ya utambuzi, uache uwe huo. Mimi nimeongeza ujanja mdogo: namba ya siri ya geti haina tarakimu mbili zinazofanana zikifuatana, na mfumo unafuta tarakimu inayojirudia papo hapo kabla ya kulinganisha. Tangu hapo geti halijanigomea. Nilijaribu pia laini za mitandao miwili na mmoja ulikuwa unafikisha toni safi zaidi pale kwangu. Kwako huenda ikawa kinyume, jaribu kabla hujaamua.

Lakini matumizi makubwa ya nyumba yetu hayahitaji toni hata moja. Ni bipu. Nikipiga namba ya nyumba na kukata ndani ya sekunde 12, Asterisk inaangalia namba yangu, ikiikuta kwenye orodha inaita webhuku ya Home Assistant, yaani anwani ya kuipa programu hiyo ishara, na pampu inawaka. Hakuna aliyepokea, hakuna salio lililokatwa. Nikiacha iite zaidi ya hapo, nyumba inapokea na kunisomea menyu. Pampu ikishawaka nyumba nayo inanibipu kunijibu, na boya la kwenye simtanki ndilo linaloizima maji yakijaa. Geti sijaliweka kwenye bipu na usiliweke, kwa sababu namba ya mpigaji inaweza kughushiwa. Geti ni lazima namba ya siri. Orodha ya namba nayo si ya hiari. Laini ya nyumba hupigiwa na kuandikiwa na watu usiowajua kama laini nyingine yoyote. Yangu imeshaletewa hadi ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii.”

Laini yenyewe nimeisajili kwa jina langu na alama zangu za vidole. Naiwekea vocha kidogo, maana isiyo na salio haiwezi kubipu, na isiyotumika muda mrefu inaweza kufungwa.

Ndani ya nyumba nimeweka Grandstream HT801, adapta yenye tundu moja la FXS. FXS ndiyo inayotoa mlio wa laini na umeme wa kuita kengele, kwa hiyo unachomekea simu ya mezani ya kawaida. Mwaka 2023 watu wa Home Assistant waliionyesha adapta hiyohiyo ikigeuza simu ya zamani kuwa msaidizi wa sauti, na ndiko nilikoipatia wazo. Kati ya vifaa vyote hivi ndiyo ghali, na ndiyo ambayo haijanisumbua. Mipangilio yake yote iko kwenye ukurasa wa kivinjari, na vitufe vinasafiri kama data, si kama sauti, kwa hiyo 5 inabaki 5.

Mama ndiye mwenye simu hiyo. Ananyanyua mkono wa simu, anabonyeza 2, pampu inawaka, anaendelea na mboga zake. Kwanza nilitumia sauti ya kompyuta ya Piper, programu ya kusoma maandishi, ambayo Kiswahili chake ni cha Kongo. Mama akasikiliza, akaniita: “Baba, huyu Mkongomani umemtoa wapi?” Nikamwomba dada yangu arekodi “tangi limejaa” na “tangi liko nusu” kwa simu yake, nikageuza mafaili yakawa ya hezi 8,000, mono, na malalamiko yakaisha.

Umeme wa akiba sina mengi ya kusema: betri ya volti 12 na vibadilisha volti. Zile UPS ndogo za ruta zinaitosha adapta, ila Pi 4 inataka hadi ampea 3 na nyingi hazifiki. Rilei ndogo za bluu nazo zisiguse pampu moja kwa moja, mota ikianza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Weka kontakta, swichi ya umeme mkubwa, rilei iwashe kontakta.

Utaonyeshwa pia mashine za laini nane au kumi na sita. Ni nzuri kwa ofisi, ila kwa nyumba ni kujitafutia maswali, maana TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, wanawasaka wanaopitisha simu za nje kinyemela kwa mashine za aina hiyo. Laini moja inatosha. Ukienda Kariakoo kutafuta modemu, beba kompyuta na laini yako, chomeka hapohapo dukani, andika AT^CVOICE? kisha ipigie, na jibu lisipotoka rudisha modemu kaunta kabla hela haijatoka mfukoni.