Ryokani ya Hakone, Japani: pazuri sana ila usiende na bosi wako

Naipa nyota nne kati ya tano, ile moja ntasema nimeikatia wapi. Naandika hasa kwa wenzangu wa hapa Dodoma mnaotumwa kozi Japani, maana siku hizi Mtumba, kwenye mji wa serikali, hukosi mtu aliyeko huko au anayejiandaa kwenda, wikiendi wenyeji wanakwambia twende Hakone tukalale ryokani, yaani gesti zao za kiasili, unaitikia fasta ukijua ni lodge kama za Area D, sita kwa sita, tivii, kandambili uvunguni na chai asubuhi. Sio hivyo kabisa.

Hela kwanza. Kwetu unalipia chumba, mlale mmoja mlale wawili bei ileile. Kule wanahesabu vichwa, mkibanana chumba kimoja kila mtu analipa yake, ila humo kuna msosi wa usiku na wa asubuhi kwahiyo ukipiga hesabu vizuri sio wizi. Halafu kuna kodi ya maji moto, yen 150 kwa kichwa. Ule ujanja wa kumpitisha mshikaji kimyakimya alale kwenye kochi sahau, na kochi lenyewe halipo. Paspoti wanaitoa kopi, ni sheria yao kwa mgeni asiye na makazi kule, na kama ushawahi kujaza daftari la wageni gesti za Nzuguni hautashangaa, wao hata kabila hawaulizi.

Viatu unaacha mlangoni, unapewa ndala za ndani, ukifika kwenye ule mkeka wao wa tatami na ndala nazo unavua, chooni kuna ndala nyingine za chooni tu. Begi la matairi usiliburuze kwenye tatami, libebe. Kitanda hakuna. Ukienda kula wahudumu wanaingia chumbani wanakutandikia futoni, godoro lao la kulalia chini, kwahiyo ukirudi ukakuta vitu vimesogezwa usianze kupekua pochi. Bibi zetu kwenye tembe walilala chini juu ya ngozi na migongo ilikuwa mizima, mimi nililala kama mtoto.

Sasa bafu, hapa ndo penyewe. Hakone ni eneo la volkano, maji yanatoka ardhini ya moto, yanaingizwa bwawani mnakaa humo uchi wa mnyama, bukta hairuhusiwi, wanaume kwao wanawake kwao. Angalieni pazia la mlangoni kila mnapoingia maana sehemu nyingine upande wa wanaume jioni unakuwa wa wanawake asubuhi! Kabla ya kuingia unakaa kwenye kigoda unajisugua na sabuni unajisuuza mpaka povu liishe, bwawani sio pa kuogea ni pa kuloweka mwili. Kitaulo hakigusi maji, wengi wanakiweka kichwani. Wenye tatoo ulizeni mapema, sehemu nyingi wanakataa.

Kwa mtu aliyekulia Ugogoni, mzee wa rika la baba yako kukuona hivyo ni balaa, ila wenzetu wao wanaona ndo mmeshakuwa watu wa karibu. Pata picha uko na mkurugenzi wako, ofisini unampa shikamoo umeinama kabisa, jioni huyo hapo mbele yako na kitaulo kichwani. Shikamoo unaitoaje? Na Jumatatu mna kikao. Zipo ryokani zenye bafu la faragha unalibuki kwa muda, au vyumba vyenye bafu lake ukiwa na hela, na ukisema bwawa la wote siingii hakuna atakayekununia. Hii niliyolala haina bafu la faragha na kwenye tovuti yao hawakusema popote, nyota yangu imeondokea hapo.

Chakula cha usiku ni saa kumi na mbili au saa moja, jikoni hawasubiri mtu aliyezoea kula saa tatu. Vinakuja visahani vingi vidogovidogo, vizuri mno kuangalia, samaki mbichi yumo. Asubuhi wali, samaki wa kuchoma, supu ya miso, na yai bichi ambalo mimi niliwaachia. Ndugu zetu wa Kondoa na Waislamu wote, semeni msichokula wakati wa kubuki sio mkifika, michuzi mingi ina mirin ambayo ni pombe ya kupikia.

Hela ya soda kwa mhudumu hawapokei, anaweza kukukimbiza nje akurudishie.

Kelele sasa. Milango mingine ni ya karatasi, na sisi wametutangulia masaa sita, kwahiyo familia ikikupigia vidio saa mbili usiku ya Dodoma kule ni saa nane usiku na jirani anasikia mpaka mtoto anavyolilia biskuti. Vaa hedifoni au waage mapema.

Soketi zao pini mbili bapa, volti 100, adapta muhimu. Ila ile hita ya kuchemshia maji unayosafiri nayo iache nyumbani, chai wanakuletea chumbani hata hujaomba.