Mafundi wakihamia nje: kuajiri walioiva au kufundisha wanagenzi?

Mei 2004 Uingereza, Ireland na Sweden zilifungulia soko la ajira wanachama wapya wa Umoja wa Ulaya, na watu wengi wa Poland na Lithuania wakaenda huko. Kampuni inayokimbiwa na mafundi hivyo ina njia mbili.

Kuajiri fundi aliyeiva, tuseme wa kuchomelea vyuma, ni haraka: leo anaingia, kesho anachomelea. Lakini kampuni zote zinamgombania huyo huyo, mshahara unapanda, na mafundi hawaongezeki hata mmoja.

Mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi akiwa kazini, anataka subira. Ujerumani wanagenzi husomea kazi miaka 2 hadi 3 na nusu. Hofu ya mwajiri ni kwamba naye ataondoka. Mchumi wa Marekani Gary Becker alieleza mwaka 1964 kuwa ujuzi unaofaa popote, mwajiri hana sababu ya kuulipia, kwa hiyo mwanagenzi huulipia mwenyewe kwa kukubali ujira mdogo.

Linalosahaulika ni hili: anayeondoka mara nyingi ndiye mwalimu. Nani atamshika kijana mkono, amrekebishie mlalo wa elektrodi, kijiti cha kuchomelea, mpaka chuma kishike sawasawa? Mimi ningechagua kufundisha, tena mapema, na fundi anayefundisha ningemwongezea mshahara.