Kozi ya Uuguzi wa Uzazi: Maoni ya Mwanafunzi Aliyeimaliza
Kilichonifaa zaidi katika kozi hii ni mafunzo ya wodini, kwa sababu ndiko nilikojifunza kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na kuyaandika kwenye patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, huku nikimfariji mama aliye katika uchungu. Somo la kutokwa na damu baada ya kujifungua lilipewa uzito linaostahili: tulirudia kwa mwanasesere kudunga yuniti 10 za oksitosini, dawa inayofanya mfuko wa uzazi ukaze, mara mtoto anapozaliwa, kukanda mfuko wa uzazi na kukadiria damu iliyopotea, hadi mikono ikazoea. Mihadhara ya anatomia ilikwenda haraka mno. Kasoro inayonisikitisha hadi leo ni kwamba hatukufundishwa namna ya kukaa na mama aliyempoteza mtoto. Nilipokutana na mama kama huyo kwa mara ya kwanza, nilisimama kando ya kitanda bila neno, na ni mkunga wa zamu aliyeketi akamshika mkono. Anayetaka kujiunga aulize kwanza mkufunzi mmoja husimamia wanafunzi wangapi wodini.