Kituo cha familia au cha kampuni kubwa?
Nchini Marekani, kituo cha televisheni cha mji huweza kuwa mali ya familia ya hapohapo, au ya kampuni yenye vituo vingi kama Nexstar, iliyoinunua Tribune Media, kampuni nyingine ya vituo, mwaka 2019. Kampuni kubwa ina mtaji, na ikidai malipo kwa makampuni ya kebo yanayorusha matangazo yake husikilizwa. Mwenye kituo kimoja hana ubavu huo.

Lakini ingia chumba cha habari. Vituo viwili vya mji mmoja vikiunganishwa, mara nyingi msomaji mmoja wa habari hubaki akisomea vyote, na mwandishi anayewajua madiwani kwa majina huachishwa kazi. Mwaka 2018 watangazaji wa Sinclair, kampuni nyingine kubwa ya vituo, katika miji mingi walisomeshwa maneno yaleyale. Inauma. Mimi nachagua familia, ingawa warithi nao huuza.