Usiku mbili katika miombo ya Tabora na hema la juu ya gari: uzoefu wangu

Mwishoni mwa Oktoba nilikodi Land Cruiser yenye hema juu ya keria kutoka kampuni moja ya Tabora mjini, nikaondoka peke yangu Ijumaa alasiri na kurudi Jumapili jioni. Nililipa shilingi 220,000 kwa siku, mafuta yakiwa juu yangu. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayefikiria safari ya namna hiyo, na hasa mwanamke atakayekwenda bila mwenzake, kwa kuwa maswali niliyokuwa nayo mimi sikumpata wa kunijibu.

Mwezi niliuchagua kwa makusudi. Wakati huo watu wa Ulaya hutoka kwenda kutazama majani yanayogeuka rangi kabla ya kupukutika, lakini miombo yetu huenda kinyume chake: mitundu na miyombo huchipua majani mapya yenye wekundu wa shaba kabla mvua za kwanza hazijanyesha, nyasi zikiwa bado zimeungua na vumbi limetanda. Oktoba ndio mwezi wenye joto kali zaidi Tabora, hilo msafiri alijue, ingawa kwa kuwa mji uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku hupoa na mtu hulala vizuri.

Hema lenyewe lilinipendeza kuliko nilivyotarajia. Kulifungua kulinichukua dakika kumi, kulikunja karibu ishirini, na godoro lake la sponji lilikuwa nene vya kutosha. Faida yake kubwa niliiona usiku wa kwanza, karibu na bwawa la Igombe, ambako ardhi ilikuwa ngumu kama tofali na sidhani kama vigingi vya hema la kawaida vingeingia. Mimi nilihitaji tu mahali ambapo gari halikuinamia upande, na juu kule sikuwa na hofu ya siafu wala nge.

Kasoro zilijitokeza Jumamosi. Asubuhi nilipita Kwihara kuona tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) lililojengwa upya, mahali ambapo Livingstone, baada ya Stanley kuondoka Machi 1872, alikaa hadi Agosti akisubiri wapagazi. Nilisimama kitambo nikiwafikiria wapagazi Wanyamwezi waliobeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, mabegani na vichwani mwao hadi pwani, safari ya miezi, katika nchi ileile niliyokuwa nikiipita nikiwa nimeketi. Kutoka hapo nilielekea kusini kwa barabara ya Sikonge, na nilipoiacha lami na kuingia msituni, mbung'o walianza kulifuata gari kwa wingi. Mbung'o huvutwa na kitu kinachotembea, tena chenye rangi ya bluu au nyeusi, na turubai la hema letu lilikuwa la bluu iliyokolea. Kampuni inayokodisha vifaa vya kwenda msitu wa miombo ilipaswa kulijua jambo hilo kabla ya mteja. Zipu ya neti nayo ilikuwa imeachia meno upande mmoja, nikaifunga kwa pini.

Jambo lililonikasirisha kwa dhati ni jeki. Tairi la nyuma lilipopasuka mchana, niligundua kwamba jeki ilikuwepo lakini mpini wake haukuwemo garini. Nilikaa saa moja na nusu juani mpaka dereva wa lori la tumbaku aliponiazima wake, akanisaidia na kukataa malipo. Kumpa mtu gari la kwenda porini bila kifaa hicho ni uzembe ambao hauna udhuru.

Usiku wa pili nililala kijijini, na hapa ndipo ningependa msomaji anisikilize zaidi. Kabla ya kufungua hema nilikwenda ofisi ya kijiji, nikamkuta mwenyekiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefuatana na nani?"

Nilipomwambia niko peke yangu, hakunihoji sana. Aliandika jina langu na namba ya gari kwenye daftari, akanionyesha pa kuegesha chini ya mwembe uliokuwa kati ya ofisi na nyumba yake, kisha mkewe akaniletea ndoo ya maji. Ngazi ya hema huvutwa juu usiku, na wakodishaji huitaja kama kinga ya msafiri wa peke yake, lakini usingizi wangu ulitokana na kujua kwamba watu waliokuwa karibu walinijua kwa jina. Kulipokucha yule mama alinisalimu, "Mwangaluka," nikaitikia vivyo hivyo, tukanywa chai kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, naye akanifungashia asali ya mzinga wa gome ambayo ina weusi na ukali kidogo kuliko ile ya dukani.

Niliporudisha gari nilieleza yote mbele ya msimamizi. Alinirudishia shilingi 40,000 kwa ajili ya jeki na zipu, na kuhusu rangi ya turubai alisema watalibadilisha kwa la kaki. Nimeomba gari hilohilo kwa wiki ya mwisho ya Oktoba ijayo, kwa sharti kwamba nitafungua buti na kuhesabu vifaa vyote mbele yake kabla sijatia saini.